Wa Mwisho Kwenye Mnyororo wa Simu

Simu ya nyumba niliyopanga chumba, kule Rinkeby, ilikaa kwenye korido juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, na katika mwaka wangu wa kwanza Stockholm haikulia hata mara moja kwa ajili yangu. Ililia kwa ajili ya mwenye nyumba, Mganda aliyekuwa mwalimu kwao kabla ya kuwakimbia wanajeshi, na ambaye sasa aliendesha basi. Ililia zaidi kwa ajili ya mkewe, Mkenya, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na aliyekuwa na marafiki wa kanisani wasiojua kuaga. Mlango wa chumba changu ulikuwa karibu na ile meza, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naipokea. Nilizijua sauti za watu wote waliowapigia watu wengine.

Kwetu Muheza hapakuwa na simu, kwa hiyo sikutegemea kupigiwa kutoka nyumbani. Nilichokitaka kilikuwa kidogo na sikumwambia mtu. Nilitaka Mswidi mmoja, yeyote yule, anipigie simu bila sababu. Asiwe anataka kujua maabara inafunguliwa saa ngapi. Apige tu, aniulize nimeshindaje, akate.

Waswidi wa chuoni hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wema kwa umbali wa mita mbili. Nilisoma nao ujenzi wa barabara na madaraja, tukapima mchanga pamoja, tukavunja zege pamoja, na saa ya kuondoka kila mmoja alisema "hej" akaenda zake. "Hej" ni salamu yao, na pia ndiyo kwaheri yao. Inafaa kwa watu wenye haraka.

Januari niliona tangazo kwenye ukuta wa kantini. Timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani ilikuwa inatafuta watu wenye miili mikubwa. Mimi mwili nimeurithi kwa babu mzaa mama, ambaye milango ya watu aliingia kwa upande. Nilikwenda. Kocha alikuwa Mswidi aliyewahi kuishi Marekani mwaka mmoja akiwa mwanafunzi, akarudi na mpira mmoja na imani kali. Alinitazama kama mtu anayetazama friji kuona kama itaenea jikoni.

"Umewahi kucheza?" aliniuliza.

"Hata kuuona sijauona."

"Vizuri," alisema. "Huna mazoea mabaya."

Mchezo wenyewe nitaueleza kwa ufupi, maana hata wengi wa waliokuwa wanaucheza walikuwa wameelezwa kwa ufupi. Watu wazima wanavaa helmeti na mabega ya plastiki, wanainama kwenye mstari wakitazamana na wengine walioinama. Kati yetu yuko mmoja mwenye mpira. Anaurudisha nyuma katikati ya miguu yake kwa mwenzake tunayemwita mtupaji, na hapo ndipo watu wanagongana. Kazi yangu ilikuwa kumzuia mtu wa mbele yangu asimfikie mtupaji. Mpira siugusi. Msimu mzima sikuugusa.

Shemeji, yaani mke wa mwenye nyumba, hakulimeza hili kwa urahisi.

"Ati hushikangi mpira?" aliniuliza siku niliyorudi na pua imevimba.

"Sishiki."

"Hata kidogo?"

"Nikiushika ni kosa."

Alimgeukia mumewe aliyekuwa anakula. "Umesikia hiyo?"

"Nimesikia," alisema Mwalimu. Sote tulimwita Mwalimu, hata madereva wenzake. "Bwana, wewe umetoka Tanganyika na ndege kuja kusukumana. Ssebo, kwenu hakuna watu wa kusukuma?"

Kulia kwangu kwenye mstari alisimama Mswidi mmoja mrefu, mweupe hadi kope, ambaye kwa mwezi wa kwanza nilidhani ni bubu. Nilimwita moyoni Jirani, na nitamwita hivyo hapa. Bega lake lilikuwa karibu sana na langu kiasi kwamba nilijua amekula nini mchana. Kazi yetu ilikuwa moja. Mpira ukisogea tunaondoka pamoja, si mmoja kwanza na mwingine baadaye, na kabla haujasogea haturuhusiwi kutikisika. Ukiinua hata kidole, refa anarusha kitambaa cha njano na timu inarudishwa nyuma yadi tano. Kocha alisema mstari wetu lazima uwe kitu kimoja. Alisema hivyo kwa Kiingereza, kwa sababu mambo ya mpira aliyasema kwa Kiingereza na mambo ya mikutano kwa Kiswidi.

Na mikutano ilikuwapo. Mmoja wa Februari ndio ulioleta mnyororo wa simu.

Mnyororo wa simu ni desturi ya Waswidi, na ninaiheshimu. Uwanja ukihamishwa au saa ikibadilika, kiongozi hapigii watu wote. Anampigia mmoja, naye anampigia mmoja, hadi habari imfikie wa mwisho. Hakuna anayechoka. Kocha aliupanga kwa kufuata mstari wetu, akauchora ubaoni. Yeye atampigia yule wa katikati anayeurudisha mpira, wa katikati atanipigia mimi, mimi nitampigia Jirani, Jirani atampigia mtupaji, na mtupaji ataendelea kwa wakimbiaji na wadakaji. Alisema tukizoea kupokezana nyumbani tutazoea kupokezana uwanjani. Nilimsikiliza kwa makini kuliko siku zote. Nilikuwa nimepata mtu wa kunipigia na mtu wa kumpigia, wote kwa mpigo, na kwa uamuzi wa mkutano.

Simu ya kwanza ilikuja wiki iyo hiyo. Niliipokea, tayari kumwita Shemeji.

"Mazoezi saa kumi na mbili badala ya kumi na moja," alisema yule wa katikati. "Hej."

"Nashukuru sana. Na hapo nyumbani hawaja—" nilisema, na simu ilikuwa imeshakatwa.

Nilibaki na kile kidude sikioni. Shemeji alichungulia kutoka jikoni akauliza ni nani. Nikasema ni yangu. Sijui kama nimewahi kusema neno hilo kwa fahari kama siku ile.

Kisha ikawa zamu yangu. Jirani aliishi Fisksätra, upande wa pili wa mji, kwenye magorofa yanayofuata ile reli ndogo ya kwenda baharini. Nilizungusha namba. Alipokea mwanamke mtu mzima, akaitaja namba yake ya simu tarakimu moja moja, kama wanavyofanya wengi huko, kana kwamba mimi niliyeizungusha siijui. Nilijua ni mama yake. Sasa mimi nimelelewa. Siwezi kupokelewa simu na mama wa mtu nikamwambia "mazoezi saa kumi na mbili, hej." Hata angekuwa mama wa adui. Nilimwamkia kwa Kiswidi changu cha darasa la wageni, nikamuuliza ameamkaje.

Akasema, "Unauza kitu?"

"Hapana, mama. Mimi nacheza na mwanao. Nauliza tu umeamkaje."

"Sikulala vizuri," alisema. "Kifua."

Nikauliza habari za kifua. Alinieleza. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alimkataza ngazi, na lifti ya jengo lao iliharibika kila baridi ilipozidi, kwa hiyo alikuwa hajashuka chini tangu kabla ya Krismasi. Nikauliza habari za paka niliyemsikia. Nikauliza kama baridi imeingia ndani. Naye akaniuliza mimi natoka wapi, nikamwambia Muheza, kwenye machungwa. Akasema chungwa la dukani kwao lina ladha ya sanduku. Mwisho ndipo nikatoa ujumbe wa mazoezi, na yeye akamwita mwanawe, aliyekuwa ameketi palepale jikoni muda wote.

Ikawa hivyo kila mara. Msimu wa masika wa Stockholm hubadilisha ratiba sana, leo theluji, kesho tope, keshokutwa uwanja umechukuliwa na watoto. Kila mara kocha alipobadilisha saa, mimi niliongea na mama wa Jirani. Nilifurahi, nasema wazi. Nikitoka darasani nilitazama mawingu nikiomba yaharibu mazoezi.

Siku moja nilimweleza jinsi kwetu salamu zinavyokwenda. Nikamwambia mtu akiulizwa habari, jibu la kwanza ni "nzuri," hata kama si nzuri. Habari yenyewe inakuja baadaye, nyuma ya "ila." Habari za nyumbani? Nzuri, ila mbuzi wameibwa. Habari za safari? Njema, ila basi lilipinduka. Aliomba nirudie. Alicheka hadi akakohoa, na nikasikia sauti ya Jirani ikimwambia aketi.

"Kwa nini lakini?" aliniuliza alipopata pumzi.

Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Nikamwambia nadhani ni ili yule anayesikia apate muda wa kukaa.

Baada ya hapo, nikimuuliza habari za asubuhi, alijibu, "Nzuri, ila lifti." Au, "Nzuri, ila paka amenitapikia kitanda." Alilipenda sana neno hilo. Na Jirani, kule kwenye mstari, alianza kuniinamishia kichwa kidogo kabla hatujainama. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Mambo yaliharibika mwishoni mwa Aprili. Kocha aliambiwa adhuhuri kwamba uwanja wetu una wasichana wa mpira wa kawaida na sisi tuhamie wa karibu na Skärholmen. Mnyororo ukaanza. Ukanifikia. Nikapiga Fisksätra, na siku hiyo mama alikuwa na habari nyingi. Lifti ilikuwa imetengenezwa, alikuwa ameshuka chini, alikuwa ameketi kwenye benchi na kumwona jirani aliyedhani amekufa. Hiyo si habari ya kukatiza. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikauliza hali ya huyo jirani, kisha ndipo nikampa mwanawe ujumbe. Jirani aliinua simu kumpigia mtupaji. Mtupaji alikuwa ameshatoka. Wakimbiaji walikuwa wameshatoka. Wadakaji wote walikuwa wameshatoka.

Kwa hiyo sisi wa mstari tulikuwa Skärholmen, tumevaa kila kitu, tumeinama, na hatuna mtu wa kumlinda. Wale wengine walikuwa uwanja wa zamani chini ya mvua yenye barafu, wakiwatazama wasichana wakifanya mazoezi vizuri zaidi yetu.

Uliitishwa mkutano. Ulikuwa na kahawa, mikate ya mdalasini na ajenda. Hakuna aliyepandisha sauti, wala hakuna aliyenitazama. Walisema kuna kuchelewa katikati ya mnyororo. Walisema si suala la mtu. Mmoja alisema labda namba za Fisksätra huwa na shughuli nyingi mchana. Walizungumza kuhusu mimi nusu saa nzima bila kunitaja, nami nilikuwa nimekaa pale nakula mkate. Uamuzi ulikuwa kwamba kwa sababu za kiutendaji nihamishiwe mwisho. Aliyekuwa wa mwisho, mdakaji mmoja mwenye chunusi, ndiye atakayenipigia, na mimi sitakuwa na mtu wa kumpigia. Yule wa katikati atampigia Jirani moja kwa moja.

Kocha aliuliza kama kuna maoni. Nilimtazama Jirani. Aliangalia kikombe chake. Nikasema sina maoni, na nilikuwa nayo mengi, ila kwa Kiswahili.

Nyumbani nilimweleza Mwalimu. Alinisikiliza akiwa bado na koti la kazi.

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Mimi ni wa mwisho tu."

"Basi mpigie huyo mama wewe mwenyewe. Kwani unataka kibali?"

"Nitasema nini? Sina ujumbe."

"Si umuulize habari zake."

"Mwalimu, hapa mtu hapigi simu bila ujumbe."

Alinitazama kwa huruma. Shemeji alisema kutoka jikoni, "Shemeji, wewe umekuwa Mswidi haraka hivyo? Hata sisi bado." Nilikasirika nikaenda chumbani. Sikukasirishwa na wao.

Mechi zilianza Mei. Ya kwanza tulifungwa na timu ya maofisa wa benki waliokuwa na jezi zinazofanana. Ya pili tulifungwa pia. Watazamaji walikuwa wachumba wa wachezaji, mbwa mmoja, na Mwalimu na Shemeji waliokuja mara moja na chupa ya chai. Mwalimu alitazama robo ya kwanza bila kusema kitu, kisha akamuuliza mchumba wa mtupaji mpira wenyewe utaanza lini. Ya tatu tulishinda. Gari lililobeba nusu ya wapinzani liliharibikia njiani na wale waliofika hawakutosha kupumzishana. Kocha alilia. Alisema ni ushindi wa mfumo.

Mimi na Jirani tulisukuma kama kawaida, bega kwa bega, lakini kule kuniinamishia kichwa kulikoma. Nadhani aliona aibu. Mimi pia niliona aibu, kwa hiyo tukaelewana kwa kutosemezana. Simu yangu sasa ilitoka kwa yule mwenye chunusi, daima ikiwa imechelewa, na mara nyingine mazoezi yenyewe yalikuwa yameshaanza. Nikikata sikuwa na namba ya kuzungusha. Nilisimama pale koridoni kidogo, halafu nikarudi chumbani.

Julai Waswidi wote huhama mji. Wanakwenda kwenye vibanda vyao msituni kukaa karibu na maji na mbu, na Stockholm inabaki na wageni na madereva wa basi. Hapakuwa na mazoezi, kwa hiyo hapakuwa na kubadilisha mazoezi. Simu ilinyamaza. Nilipita nayo kila siku na mara kadhaa niliweka mkono juu yake. Namba ya Fisksätra niliijua kwa kichwa. Yule mama alikuwa ameniimbia tarakimu zake mara nyingi mno. Sikuizungusha. Nimewaza sana kwa nini, na jibu langu ni kwamba nilitaka niulizwe mimi kwanza, angalau mara moja.

Agosti tulipokutana tena, Jirani alikuwa amepungua. Kocha alimwambia ale. Jirani akaenda kuvaa helmeti.

Mechi ya mwisho ilikuwa Septemba, na hali ilikuwa wazi hata kwa Mwalimu. Tukishinda tutakuwa wa pili kutoka mkiani. Tukifungwa tutakuwa mkia wenyewe. Kocha alituhutubia kana kwamba Marekani nzima imekaa inasubiri. Tulikuwa tunafunga kamba za viatu pale Jirani alipokuja na gari la kuazima, akaliendesha juu ya nyasi hadi ukingoni mwa uwanja, akafungua mlango wa abiria. Ndani alikaa mwanamke mdogo wa umbo, amefunikwa blanketi hadi kidevuni, na kofia ya kufuma kichwani. Nilimjua kabla hajasema kitu. Nilitaka kwenda kumsalimia lakini refa alikuwa ameshapuliza filimbi, na mimi ni mtu wa kufuata filimbi.

Tulicheza vizuri kuliko mechi zote. Sijui ni kwa nini. Mwishoni kabisa tulikuwa nyuma kwa pointi chache, mpira ni wetu, na zimebaki yadi mbili kufika eneo la kufungia. Mtu mzima akijikwaa vizuri anazimaliza yadi mbili. Muda ulitosha kujaribu mara mbili. Tukainama. Mkono wangu wa kulia chini kwenye nyasi, uzito wote mbele, kipande cha plastiki mdomoni. Mtupaji alikuwa anahesabu nyuma yetu. Bega la Jirani likagusa langu.

"Mama anakusalimu," alisema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwenye mstari tangu timu ianze.

Sasa mtu anaweza kusema ningenyamaza. Anayesema hivyo hakulelewa Muheza. Salamu ya mama wa mtu, inayoletwa na mwanawe, haisubiri mpira. Mkono wangu uliinuka wenyewe kutoka kwenye nyasi. Niligeuza helmeti kuelekea kwenye gari nikapunga, na pale mlangoni, juu ya blanketi, mkono mdogo wenye glavu nao ukapunga. Nikasema, "Marahaba," jambo ambalo pia lilikuwa kosa, kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia.

Kitambaa cha njano kiliangukia karibu na mguu wangu. Yadi tano nyuma. Jaribio lililofuata mtupaji aliurusha mpira juu ya vichwa vya watu wote, na la baada yake mdakaji mwenye chunusi aliudaka vizuri sana nje ya mstari wa uwanja. Filimbi. Tulikuwa mkia wenyewe.

Kocha alivua kofia yake akaja kwangu. Kwa mara ya kwanza alisahau kutumia Kiingereza. "Ilikuwaje?" aliuliza. "Ulikuwa umetulia. Ilikuwaje?"

Jirani alinitangulia kujibu.

"Nilimpa salamu," alisema kwa sauti, mbele ya wote. "Akaitikia."

Timu yote ilimgeukia. Sidhani walikuwa wamewahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo. Wakasema si kitu, kwa ile namna yao inayokufahamisha kwamba ni kitu, wakaenda kubadilisha nguo.

Nilikwenda kwenye gari. Mama alinitazama kuanzia viatu hadi helmeti. Kwa karibu alikuwa mdogo zaidi, na midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Nilidhani utakuwa mwembamba. Una sauti ya mtu mwembamba."

"Habari za leo, mama?"

"Nzuri, ila mmefungwa." Alivuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine. "Ni mimi niliyekuponza?"

"Hapana."

"Mbona hupigi tena?"

Nikamweleza kwamba nimehamishiwa mwisho wa mnyororo na wa mwisho hana mtu wa kumpigia. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Nilijisikiliza na mimi nikijieleza, na nilijiona mjinga, mtu mzima mwenye mabega ya plastiki.

"Huyu wa sasa anasema saa anakata," alisema. "Sijui hata kama ana mama."

Jirani akafunga mlango taratibu, akalirudisha gari nyuma hadi barabarani.

Msimu ulikuwa umekwisha. Helmeti zilirudishwa stoo, kocha akaanza kuandaa hotuba ya mwaka ujao, na mnyororo ukalala kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuhamisha. Oktoba ikapita. Ikaja Novemba, ambayo Stockholm haina haja ya kuelezwa. Saa tisa alasiri taa za barabarani zinawashwa na watu wanatembea wakitazama chini. Nilijiambia kwamba nitapiga Fisksätra Jumamosi. Ikija Jumamosi nikajiambia ijayo.

Alasiri moja simu ililia. Niliipokea nikiwa nimeshageuza kichwa kuelekea jikoni, tayari kumwita Shemeji.

Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia pumzi, nzito, ya mtu mkubwa, na nikaijua, kwa sababu nilikuwa nimeisikia msimu mzima sikioni mwangu upande wa kulia.

"Ni mimi," alisema Jirani.

"Mazoezi yameanza?"

"Hapana."

Nikangoja ujumbe. Haukuja.

"Umeamkaje?" aliniuliza.

Nikasema nzuri. Akauliza mwenye nyumba wangu hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza habari za mkewe, na za kazi yake kwa wazee. Akauliza habari za mama yangu Muheza, na machungwa. Akauliza kama baridi imeingia ndani. Aliuliza taratibu, neno kwa neno, kwa mpangilio uleule niliokuwa namuulizia mama yake, kama mtu aliyekaa jikoni miezi mingi akisikiliza. Nilijibu nzuri, nzuri, nzuri. Hiki ndicho nilichokuwa nimekitaka, Mswidi ananipigia simu kuuliza nimeamkaje, na nilitamani asifike mwisho.

Ikawa zamu yangu. Nikamuuliza yeye ameamkaje. Nzuri. Masomo? Nzuri. Paka? Mzuri. Lifti? Inafanya kazi. Nikauliza habari za lile gari la kuazima, kwa sababu sikutaka kufika kwenye lile swali lililobaki. Siku zote nilikuwa naanza nalo. Siku ile nililiweka mwisho.

"Na mama?"

"Nzuri," alisema Jirani.

Nikakaa chini, pale pale sakafuni, mgongo ukutani.

"Ila amefariki," alisema.

Shemeji alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Alinitazama, akarudi ndani bila kuuliza. Nikampa Jirani pole kwa Kiswidi, halafu kwa Kiswahili, kwa kuwa ya Kiswidi haikutosha. Alishukuru kwa zote mbili. Aliniambia mazishi ni wiki mbili zijazo, kama ilivyo desturi yao ya kungoja, na kwamba angependa mstari wote uwepo. Kisha akaomba kitu.

"Unaweza kuwaambia wengine?" aliuliza. "Mimi siwezi kupiga tena. Uanzie kwako."

Nilisema ndiyo. Tulikaa kwenye simu muda kidogo bila ujumbe wowote, halafu akakata.

Nikazungusha namba ya yule wa katikati, ambaye masika yote alinitajia saa akakata kabla sijafungua mdomo. Alipokea kwa kutaja jina la ukoo wake. Nikajitambulisha.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Umeshindaje?" nilisema. "Nyumbani hawajambo?"

Nilisubiri akate. Nilisikia redio kwake ikizimwa, na kiti kikivutwa.

"Wazima," alisema. "Na wewe?"

"Nzuri," nilisema, kisha nikamweleza.